Kutoka Black Hawk hadi Embraer: rivyu ya kozi ya kuhamia ndege za abiria, nyota tatu na nusu

Nyota tatu na nusu kwa tano. Hiyo nusu ni ya mafundi wa hangaa peke yao, nitafika hapo. Jina la shule silitaji wala la shirika lililonilipia, manake unga wangu bado unatoka huko, na pia hizi shule zinafanana sana, ukisoma hii utakua ushajua cha kuuliza popote utakapokwenda.

Kwanza tuelewane bidhaa yenyewe ni ipi. Wenyewe wanaiita RTP (Rotor Transition Program), yani shirika la ndege la rijonali linamlipia rubani wa helikopta wa jeshi la Marekani gharama za kupata leseni na masaa ya ndege ya mabawa, na wewe unaahidi kuwafanyia kazi muda fulani, mara nyingi miaka miwili. Rijonali ni yale mashirika yenye ndege za siti 50 mpaka 76 yanayobeba watu kwa jina la wakubwa. Umekata tiketi ya United, ndege imeandikwa United Express, kumbe anayeiendesha ni SkyWest au Republic. American wana zao tatu wanazimiliki kabisa, Envoy, PSA na Piedmont, na Delta wana Endeavor. Hiyo 76 haikuja tu, ni mikataba ya marubani wa mashirika makubwa, walikataa ndege kubwa zaidi ya hapo zipewe watoto wa nje wanaolipwa kidogo, ndo mana Embraer 175 yenye uwezo wa kubeba zaidi ya 80 unaikuta na siti 76.

Sasa kwa nini shirika limlipie mtu masomo? Ni sheria. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air safari 3407 ikitoka Newark ilianguka Clarence Center karibu na Buffalo, wakafa 49 waliokuwa ndani na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Ndege ilipoteza kasi ikaanza kustoli, yani mabawa yakaacha kuibeba, na kapteni akavuta usukani badala ya kuusukuma. Uchunguzi ukaja kuonyesha mambo mengi tu ya aibu, fasti ofisa, yani rubani msaidizi, alikua analipwa kama dola 16,000 kwa mwaka na alikua amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini. Bunge likapitisha sheria 2010, na kuanzia 2013 hata fasti ofisa lazima awe na ATP, ile leseni ya juu kabisa ya urubani, masaa 1,500, mwanzo alikua anaweza kuingia na 250 tu. Ukitoka jeshini wanakupunguzia mpaka 750. Hapo ndo rubani wa jeshi akawa mali.

Lakini kuna masharti ndani yake. Hayo 750 ni jumla na helikopta inahesabika, sawa, ila 250 lazima yawe ya ndege ya mabawa ukiwa wewe ndo rubani mkuu, na 50 ya injini mbili, ambayo 25 yake unaweza kuyafanya kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, kama kozi imeidhinishwa. Yani mtu karuka helikopta ya Black Hawk usiku Afghanistan na miwani ya kuonea gizani, kabeba majeruhi kwenye vumbi hajaona ardhi, halafu kwenye karatasi za FAA, wale wasimamizi wa anga wa Marekani, safu ya ndege ya mabawa imeandikwa sufuri.

Kwa hiyo ukiuliza unanunua nini, unanunua hayo masaa 250. Basi. Shule itakwambia inakufundisha kazi ya ndege za abiria, ukutani kuna mapicha ya majeti, wanafunzi wamevaa mashati meupe na mistari mabegani, mtu atadhani kashaajiriwa. Usidanganyike. Wanauza masaa, na kwa kuuza masaa wako vizuri, kwa kukuandaa na kazi yenyewe wako chini sana. Hiyo ndo rivyu yangu, yanayofuata ni maelezo.

Mimi niliingia jeshi kupitia MAVNI, wengine mtakumbuka, ule mpango ulioanza 2009 wa kuchukua wageni wenye viza kwa ajili ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha. Waliusimamisha 2016. Uraia ulikua unakuja haraka, na bila uraia huwezi kuwa warant ofisa, cheo cha marubani wengi wa helikopta jeshini, bila kuwa warant ofisa husogelei Black Hawk. Fort Rucker Alabama nikasomea kuruka, baadaye nikapelekwa Texas Fort Hood, ile waliyoibadilisha jina ikawa Fort Cavazos halafu wakairudisha jina lake tena, mabango yenyewe sijui yamewagharimu ngapi. Mimi ni mtoto wa Port Reitz, Mombasa, tumekua ndege zinapita juu ya mabati zikitua Moi, na nani alifikiria hata siku moja utakaa mbele. Hayo yaacheni.

Kabla ya shule kuna kazi ya karatasi ambayo shule nyingi zitataka kukutoza hela kwa ajili yake na haina haja. Ukiwa bado jeshini unafanya mtihani mmoja wa maswali, wenyewe wanauita military competency, unapeleka na fomu zako za jeshi, FAA wanakupa leseni ya komesho, yani ya kuruka kwa malipo, na ya instrumenti, ya kuruka bila kuona nje, za helikopta bila kuruka na mtahini. Huo mtihani unausomea nyumbani. Shule yangu ilikua imeuweka kwenye fungu la kozi na bei yake, nikawaambia nishafanya, ikabidi waukate kwenye bili, ila walinuna kidogo.

Siku za mwanzo shuleni ni Cessna 172. Mtu wa helikopta anaidharau hii ndege halafu inamuaibisha. Chopa ukikaribia chini unapunguza kasi, unapunguza, unapunguza mpaka unasimama hewani, mwili ushazoea hivyo, macho yakiona ardhi inakuja mkono wenyewe unataka kusimamisha. Ndege ya mabawa ukifanya hivyo inaacha kuruka. Lazima uilete chini na kasi yake na uiache ikae yenyewe. Na mikono nayo, miaka yote mkono wa kushoto ukivuta juu ndo nguvu inakuja, sasa mkono wa kulia ndo unasukuma mbele. Upepo wa ubavuni ndo usiseme, kwenye chopa unageuza pua kwenye upepo ukashuka zako, huku lazima ushushe bawa moja na mguu wa upande wa pili ushikilie pua inyooke na barabara ya kutulia, Texas nako upepo hauna likizo.

Instrakta wangu alikua binti wa miaka ishirini na kitu, mpole, mkali kwenye redio. Hapa shule wamepata nyota nzima. Hawa mainstrakta vijana wao wenyewe wanakusanya masaa kufika 1,500, mimi nahitaji 750, yani dada ananifundisha ili nimpite foleni, na hajawahi kuninunia wala kunipunguzia kitu. Alikua anasema mguu wa kulia, mguu wa kulia, mpaka nikawa nausikia kitandani. Nilipoomba tufanye stoli nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye silabasi hakukataa, manake chopa haistoli kwa namna hiyo na mimi nilitaka mwili ujue, si kichwa tu. Ukipata instrakta wa hivyo mshikilie, wanabadilishwa sana manake kila anayefikisha masaa anaondoka na wewe unaanza upya na mgeni.

Baada ya leseni ndo yanaanza masaa yenyewe ya kukusanya, na hapa kuna ujanja halali kila mtu autumie. Mnapanda wawili ndege moja, mmoja anavaa miwani ya kuziba nje anaruka kwa instrumenti tu, mwenzake anaangalia nje kwa usalama na ndiye anayebeba dhamana ya safari, na kwa sheria za FAA wote wawili mnaandika muda wa rubani mkuu. Bili mnagawana. Shule nzuri inakutafutia mwenzako siku ya kwanza. Yangu haikunitafutia, nilijitafutia mwenyewe, jamaa wa helikopta za Apache, mtu wa kimya, tumezunguka Texas yote ile, Abilene, Lubbock, San Angelo, Midland, tunakula burger kwenye viwanja vidogo ambavyo mlango wa ofisi hauna mtu na kahawa unajimiminia mwenyewe. Kama kuna sehemu ya kozi niliyoipenda ni hii, na si shule iliyoitengeneza.

Sasa lawama. Ndege hazitoshi. Wanauza kozi kwa watu wengi kuliko ndege walizonazo, unaamka asubuhi unakuta zamu yako imefutwa, ndege iko kwenye ukaguzi wa masaa 100, au kuna mtu kaikanyagia breki mpaka tairi limepasuka. Ukiuliza ofisini wanakwambia kesho. Ndo hapo mafundi wa hangaa wanapopata nusu nyota yao, unaingia nyuma unamuuliza mzee wa watu anakwambia wazi hii haitoki kabla ya Alhamisi, kipuri hakijafika, nenda nyumbani ukalale. Nikaacha kuuliza ofisini nikawa naanzia hangaa kila siku. Ofisi yenye fundi mkweli hivyo na bado inakudanganya, sielewi wanapata faida gani.

Lawama ya pili ni watahini, na hii si ya shule yangu peke yake, nchi nzima watahini walioteuliwa na FAA ni wachache na kila mmoja anajipangia bei yake. Unamaliza mafunzo ya injini mbili leo, chekiraidi, yani mtihani wa kuruka na mtahini, inapangwa wiki kadhaa mbele, na katikati lazima uendelee kuruka usije ukashika kutu, na Piper Seminole ya injini mbili kwa saa ni zaidi ya mara mbili ya bei ya 172. Fungu la shirika lina kikomo. Likiisha, unatoa mfukoni. Uliza hili kabla hujasaini: siku za kusubiri mtahini, masaa ya kujikumbusha analipa nani? Kwenye mkataba wangu jibu lilikua kwenye mstari mmoja mdogo ukurasa wa nyuma kabisa, analipa mwanafunzi.

GI Bill, ile hela ya masomo ya waliotumikia jeshi, inasaidia, ila si kama watu wanavyodhani. Kwenye shule ya kuruka isiyo chuo kuna kikomo cha mwaka, kinabadilika kila mwaka, lazima uwe na leseni na medikali, yani cheti cha afya, tayari, na hela ya nyumba hawakupi. Ukiwa chuo cha serikali chenye digrii ya urubani hesabu ni nyingine, nzuri zaidi, ila ni miaka. Na kama bado hujatoka jeshini, siku 180 za mwisho mpango wa SkillBridge unaweza kukuruhusu ukae kwenye mafunzo huku jeshi bado linakulipa mshahara, kama kamanda wako atasaini. Hapo kwa kamanda ndo pagumu. Muombe mapema, kabla kikosi hakijapangiwa safari.

Sehemu nzuri kuliko zote si ya shule kabisa, ni ATP-CTP, kozi ya maandalizi kabla ya mtihani wa ATP. Hii ni lazima kwa kila mtu tangu 2014, masaa 30 darasani na 10 kwenye simuleta, 6 kati yake kwenye simuleta kamili inayotikisika. Ukijilipia mwenyewe ni maelfu kadhaa ya dola, mashirika mengi wanakulipia ukishaajiriwa. Hii naipa nyota tano bila kusita. Ni kozi iliyotokana moja kwa moja na Colgan, na inaonekana, manake wanakupeleka juu futi 35,000 wanakuonyesha jeti inavyostoli kule, na mkono wako unataka kuvuta, kila mkono unataka kuvuta, wanakukalisha mpaka usukume. Wanakwambia hewa ikitoka kwenye kebini kwa urefu ule una nusu dakika mpaka dakika moja ya akili timamu, vaa oksijeni kwanza halafu ndo uongee. Mtu wa chopa karibu maisha yake yote yako chini ya futi 10,000, haya mambo ya mach, kasi ikipimwa kwa kasi ya sauti, na barafu na mabawa yaliyolala nyuma hatuyajui. Kumbe ingekua ndo wiki ya kwanza, si ya mwisho. Ule mtihani wa maswali baada yake kila mtu anausomea kwa programu ya Sheppard Air, lipa, kariri, pita, songa mbele.

Halafu unaingia kwenye mafunzo ya shirika lenyewe, na hapa ndo nilijua shule haikuniandaa. Hakuna aliyetufundisha kusoma vitu kwa sauti kwa mpangilio mmoja, nani anasema nini kasi ikifika ngapi, mkono gani unagusa swichi gani kwa mfululizo gani. Embraer 175 ni ndege nzuri sana wallahi, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume na kompyuta zake zinataka uziambie kila kitu mapema, ila simuleta haikusubiri. Injini moja inakufa ukiwa unapaa, umeshapita kasi ambayo bado ungeweza kusimama, mguu, pua, sema maneno yako, usiguse kitu kabla ya futi zilizopangwa. Jeshini tulikua na akili ya kutatua, unaona tatizo unalishika. Huku unasubiri. Unakalia mikono yako mwenyewe, mnaongea, ndo mnashika. Wenzangu waliotoka kufundisha kwenye Cessna walikua wepesi kwenye kutua, sisi wa jeshi tulikua wepesi kwenye kufanya kazi watu wawili na kwenye hali ya hewa chafu, kwa hiyo usiende unajiona, na pia usiende unajidharau.

Ukipita hapo unaruka na kapteni mkaguzi, halafu unatakiwa ufikishe masaa 100 ndani ya siku 120 ili yashike. Hiyo inakubeba vizuri. Shida inakuja baada ya hapo, rizavu. Uko mwisho wa orodha, unakaa karibu na kiwanja simu mkononi, wakikupigia masaa mawili uwe umefika. Kama beisi yako ni mji mwingine unalala kwenye nyumba ya kupanga na marubani wengine, vitanda vya ghorofa, friji ina majina kwenye kila maziwa, na aliyeamka saa tisa usiku anakuamsha na wewe. Mke wangu aliuliza sasa tofauti na kutumwa kikosini ni ipi. Tofauti ni kwamba sheria za mapumziko zilizoanza 2014 zinahesabu kwelikweli, masaa 10 kati ya zamu na zamu na 8 ya nafasi ya kulala ndani yake, na ukisema nimechoka siwezi kuruka, hakuna afande atakayekuangalia vibaya. Jeshini hilo neno nililisema kwa nadra na kwa woga.

Senioriti ndo kila kitu huku, beisi, likizo, ndege, mshahara, lini unakua kapteni, vyote vinafuata tarehe uliyoingia. Reinki yako ya jeshi wameiweka kabatini. Ndo mana kuchelewa kwa ndege za shule na mtahini si usumbufu tu, mwezi ukichelewa wamekupita watu darasa zima na watabaki mbele yako mpaka miaka 65 ya kustaafu. Na ukapteni nao mtu wa chopa anaumia mara ya pili. Sheria inataka masaa 1,000 kwenye ndege za abiria kabla ya kuwa kapteni. Aliyetoka C-130 au C-17, zile ndege kubwa za mizigo za jeshi, akiwa rubani mkuu anaweza kuhesabiwa mpaka 500 ya jeshini. Wa Black Hawk hahesabiwi hata moja. Shule hawakusema, shirika halikusema, nilisoma mwenyewe.

Kuna jambo lazima niliseme japo sipendi. Tarehe 29 Januari 2025 Black Hawk ya jeshi na ndege ya PSA, rijonali, ziligongana juu ya mto Potomac, ndege ikiwa inakwenda kutua kiwanja cha Reagan pale Washington, wakafa 67, watatu kwenye helikopta na 64 kwenye ndege. Mimi nimekaa viti vya aina zote mbili na tangu siku hiyo naulizwa mpaka na watu wa msikitini. Sitaki kuongelea wale marubani, Mungu awarehemu. Ninachosema ni kuhusu kozi. Darasani kwetu tulikua watu wa helikopta watupu, tunajua mtu aliyevaa miwani ya usiku anaona nini kwenye mji wenye taa nyingi na haoni nini, tunajua ukiambiwa na mnara unaiona ndege na wewe ukasema naiona maana yake ni nini, na upande wa pili jeti ikiwa chini ya kama futi 1,000 ule mtambo wa kukwepa ndege nyingine haukupi tena amri ya kupanda au kushuka. Hayo yote yako kwenye chumba kimoja na hakuna mwalimu aliyetuuliza tuelezane. Silabasi ilikua imeandikwa kwa mtu aliyetoka sufuri. Kama ningekua mwenye shule ningetenga siku nzima kwa hilo, bure.

Hela. Mpaka karibuni rijonali walikua wanalipa vibaya, 2022 zile tatu za American zikapandisha fasti ofisa wa mwaka wa kwanza mpaka dola 90 kwa saa na wengine wakafuata. Usizidishe 90 mara masaa 40 ya wiki, wanahesabu masaa ya ndege tu, dhamana ya mwezi ni 75 hivi, kwa hiyo ni kama dola elfu 80 kwa mwaka. Warant ofisa wa miaka kadhaa ukijumlisha posho ya nyumba isiyokatwa kodi na bima ya familia, unaweza kujikuta umeshuka. Wengi wanabaki National Guard, jeshi la akiba, kwa ajili ya bima na pensheni, sheria ya USERRA inamlazimu mwajiri akulindie kazi na senioriti yako ukiitwa, na hilo kwangu limesaidia sana. Na msikimbilie hadithi za 2022 na 2023 za bonasi na kuajiriwa kwa simu, 2024 ajira zilipoa na mashirika mengine yakabana hii mipango ya RTP. Uliza leo, usiulize aliyepita miaka mitatu nyuma.

Medikali fanya kabla ya yote, daraja la kwanza, kabla hujasaini karatasi ya mtu. Na kama unalipwa fidia ya ulemavu na VA, ile idara ya serikali ya waliotumikia jeshi, iwe goti, iwe usingizi, iwe msongo, iandike kwenye fomu ya FAA. 2023 FAA walisema wanawachunguza marubani karibu 4,800 waliokua na fidia ya VA na hawakuandika vizuri. Kuna watu walikua wanaambizana vikosini kwamba hizi ofisi mbili haziongei. Zinaongea.

Na kabla hujarudisha kitambulisho cha jeshi, chukua DA Form 759 zako zote, zile fomu za jeshi za masaa uliyoruka, chapa na nakala ya kompyuta, mstari kwa mstari uangalie. Jeshi linahesabu muda kwa namna yake na raia kwa namna yake, kwa raia saa inaanza ndege inapoanza kujongea kwa ajili ya kuruka, na mashirika mengi kwenye fomu wana swali kuhusu kurekebisha huo muda, kila moja lina kipimo chake, soma maelekezo usijiongezee. Logbuku ikiwa na mkwaruzo kwenye interviu wanaifungua ukurasa huohuo.

Nani anunue basi? Mtu wa chopa mwenye 600 au 700 kwenda juu, anayetoka jeshini ndani ya mwaka, ambaye shirika linamlipia angalau sehemu kubwa na mkataba kausoma mpaka ukurasa wa nyuma, aende, nyota zangu tatu na nusu ni za kweli, masaa utapata. Mwenye hela yake mfukoni asinunue fungu zima la shule, anunue leseni kwao halafu akodi ndege na mwenzake kwenye klabu ya kuruka akusanye masaa huko, ni nafuu na ndege hazigombaniwi. Na wewe wa C-130 au C-17 uliyeniandikia kuuliza kama uje, kozi hii si yako kaka, masaa ya mabawa unayo tayari. Fanya ATP-CTP, tuma maombi Delta, United na American moja kwa moja, rijonali weka akiba.